Nia ya Alhamisi

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Februari 2017. Bi Radhiya aliingia chumba cha ushauri nasaha cha hospitali moja mjini Chake Chake akiwa amekumbatia kopo la maziwa ya unga. Nyuma yake alikuwa binti yake, Asma, wa miaka kumi na sita. Ndani ya kopo mlikuwa na mchele, na ndani ya mchele mlikuwa na simu.

Time Kificho, mshauri nasaha, aliuliza simu imelowa vipi. Bi Radhiya alisema baba yake Asma aliizamisha kwenye ndoo ya maji Ijumaa jioni na kuishikilia chini mpaka mapovu yakaisha. Tangu hapo imo mcheleni. Jirani amemwambia basmati hunyonya maji kuliko mchele mwingine, na huo ulikuwa basmati. Simu haikuwaka.

Time alimwomba aanze mwanzo.

Mwanzo ulikuwa harusi moja hapo Wawi, wiki mbili nyuma. Upande wa wanawake Asma alicheza, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, kama wasichana wote walivyocheza, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuvuka mlango ule. Mtu alimpiga video. Siku chache baadaye video ilikuwa katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wa skuli yake. Mtu mwingine alikuwa ameshaondoa ngoma na kutia sauti ya mbuzi, na chini yake akaandika: "Mbuzi wa Zahran kakata kamba." Kuanzia hapo wavulana walilia kimbuzi kila Asma alipopita. Alhamisi alifungua deski lake akakuta majani mabichi yamefungwa vizuri kwa uzi. Ijumaa video ilimfikia baba yake, Zahran, kupitia kwa mteja mmoja wa duka lake la saruji na mabati. Jioni hiyo simu ikaingia ndooni na Asma akakatazwa kwenda skuli.

"Na Alhamisi hii, baada ya alasiri, inasomwa Halbadiri," alisema Bi Radhiya. Alitamka neno hilo kwa sauti ya chini.

Time alizaliwa Gando na hakuhitaji kuelezwa. Mtu aliyedhulumiwa asimjue aliyemdhulumu huwaita wasomaji, huitaja nia yake mbele yao, nao humsomea mkosaji. Wanaoiamini, na kisiwani ni wengi, wanajua kuwa mkosaji hufa, au hupofuka, au akili humruka. Kisomo hakiulizi jina. Kinaifuata nia.

Alimwomba Bi Radhiya asubiri nje.

Asma alikuwa hajala chakula tangu Jumamosi isipokuwa chai. Alijibu maswali kwa kichwa. Analala? Hapana. Anaumwa? Hapana. Marafiki wanamtembelea? Mmoja, Shatha. Kisha akauliza swali lake mwenyewe, la kwanza na la pekee.

"Bi Time, Halbadiri ikishasomwa, inaweza kurejeshwa?"

Hapo Time alikosea. Alidhani msichana anamkinga rafiki, akaanza kuuliza majina ya wasichana waliokuwa kwenye harusi: nani alisimama wapi, nani ana simu nzuri, nani waligombana naye. Asma alifunga mdomo na kuutazama ukuta. Time alijua kuwa amempoteza. Aliacha majina, akavuta kiti chake karibu, akauliza swali ambalo lilistahili kuwa la kwanza.

"Unafikiria kufa?"

Asma hakushtuka. "Nikifa kabla ya Alhamisi, hawatokuwa na la kusomea."

"Watakuwa na kubwa zaidi," alisema Time. "Baba aliyefiwa husoma kwa hasira kuliko baba aliyeaibishwa. Kufa kwako hakumkingi mtu."

Msichana aligeuza uso kutoka ukutani. Time aliyatambua maneno yaliyomgeuza. Kuna mtu aliyekuwa anakingwa, na mtu huyo hakuwa Asma mwenyewe.

Alimwambia utaratibu wa chumba kile. Atakayoyasema hapa ni yake, hayatatoka bila ruhusa yake, isipokuwa moja, kwamba maisha yake yako hatarini. Hilo mama yake ataambiwa leo, naye Asma atakuwapo. Asma alifikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Bi Radhiya aliposikia aliweka mkono juu ya kifuniko cha kopo. Time alimpa maagizo kama mtu anavyopewa dawa. Asma asiachwe peke yake hata chooni bila ya mtu kusubiri mlangoni. Alale chumba kimoja na mama. Sumu za shambani na vidonge vyote vifungiwe, ufunguo uvaliwe shingoni. Asigombezwe, asihojiwe, asisomewe. Na mtu yeyote asifute ile video wala maneno yaliyoandikwa chini yake, kwa sababu ndiyo ushahidi, na ule uliokuwa kwenye simu hii umeshakwenda na maji.

"Na Alhamisi?" aliuliza Bi Radhiya.

"Kuhusu Alhamisi, nitazungumza na baba yake kesho."

"Hasikii."

"Basi nitamwambia hivyo hivyo asiposikia."

*

Jumanne Time alikwenda Wawi. Zahran alimpokea barazani kwa heshima na kumwagizia kahawa. Alikuwa mtu mrefu, kanzu imepigwa pasi, na alimwita daktari ijapokuwa Time alimsahihisha mara mbili.

"Daktari, weye watoka wapi?"

"Gando."

"Kwani Gando hamsomi Halbadiri?"

"Twasoma."

"Basi kazi yake waijua."

Time alimweleza hali ya binti yake bila kupamba: hali chakula, halali usingizi, na ametamka kuwa atakufa kabla ya Alhamisi. Zahran alishusha kikombe. Hakubadilisha kauli. Alisema hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kusoma, kwa kuwa sasa amejua kuwa aliyempiga mwanawe picha alitaka kumuua. Tena anamjua ni nani. Alinyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya njia.

Ng'ambo ya njia palikuwa na duka dogo la Mzee Safari. Safari na Zahran walikuwa wa vyama viwili. Tangu uchaguzi wa marudio wa mwaka uliopita, mtaa mzima ulikuwa umelisusia duka lile, na nyumba ya Zahran ilikuwa ya mwanzo. Hawakuwa wamenunua hapo hata pakiti ya chumvi. Safari alipofiwa na dada yake, Zahran hakwenda maziko. Safari alikuwa na mtoto wa kiume, Hamad, aliyesoma skuli moja na Asma.

"Uliwauliza?" alisema Time.

"Hatusemezani."

"Nimeuliza kama uliwauliza."

Zahran alikisukuma kikombe kando. Time alishukuru kwa kahawa, akavuka njia.

Hamad alikuwa nyuma ya meza ya duka akipima sukari. Aliulizwa kama ameiona video. Alisema ameisikia kwa watu, hakuiona. Time alimwomba amwoneshe simu yake. Kijana aliona haya, akaitoa mfukoni. Ilikuwa kitochi, simu ya vitufe, betri imezuiwa kwa mpira wa kufungia noti. Haikuwa na WhatsApp wala kamera. Mzee Safari alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasikiliza yote. Kisha akasema kwamba habari ya Alhamisi wameipata, na kwamba kama itamdhuru mwanawe, baina ya nyumba hizi mbili hayatabaki maneno. Aliyasema polepole, kama anayetaja bei.

Time alirudi kumwambia Zahran kuhusu kitochi. Zahran alisema simu huazimwa.

Shatha, rafiki wa Asma, aliishi nyumba ya tatu. Mama yake alikubali atoe simu yake mbele ya Time. Video ilikuwa bado imo, na Time aliitazama mara nyingi bila sauti. Asma alikuwa anacheza, anacheka, mikono juu. Nyuma yake wasichana wenzake walipiga makofi. Nyuma yao zaidi ulionekana mlango, na pembeni ya mlango pakacha.

"Lile pakacha la nini?"

Shatha alieleza. Siku ile wasichana wote walivuliwa simu mlangoni zikatiwa pakachani, akawekwa bibi mmoja kulilinda, ili pasitokee mambo ya kupigana picha. Simu yake mwenyewe ilikuwamo.

"Na wanawake wakubwa?"

Shatha alicheka kidogo. "Nani atamwambia mtu mzima atoe simu, Bi Time?"

Time alirudisha video mwanzo. Aliyepiga alikuwa ameketi chini, kwa kuwa kamera ilimtazama Asma kutoka magotini kwenda juu. Wasichana walikuwa wamesimama, mikono mitupu, upande wa pili. Upande wa kamera palikuwa na mkeka, na ncha yake ilionekana. Aliuliza nani alikaa kwenye mkeka ule. Watu wazima wa upande wa bibi harusi, alisema Shatha, akawataja. Walikuwa wanne. Jina la tatu lilikuwa la Bi Radhiya.

Nyumba nzima, skuli na duka la saruji walikuwa wanamtafuta mvulana. Hakuna aliyeketi akajiuliza kamera ilikuwa mikononi mwa nani. Lakini hiyo ilikuwa dhana ya Time, haijawa ukweli, na hata ingekuwa ukweli haikuwa yake kuisema. Alimwomba mama Shatha aitunze simu ilivyo. Jioni alionana na mwalimu mkuu, akampa majina ya waliokuwa wakiendesha kundi, aliyoyapata kwenye simu ya Shatha. Mwalimu mkuu aliahidi kuwaita pamoja na wazee wao kesho yake, naye aliwaita. Kundi lilifungwa Jumatano kabla ya adhuhuri. Mvulana aliyetia sauti ya mbuzi alikuwa mtoto wa Mkoani anayekaa dakhalia, bweni la skuli, asiyemjua Zahran wala chama chake. Alipoulizwa kwa nini, alisema watu walicheka.

*

Jumatano mama na binti walirudi kliniki. Mara hii Time aliwaweka chumba kimoja, wakitazamana. Bi Radhiya alikuwa amevaa ufunguo shingoni. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mwanawe.

Time aliwaeleza ya skuli na ya kitochi cha Hamad. Kisha akamgeukia mama.

"Bi Radhiya, siku ya harusi simu yako ilikuwa wapi?"

"Usimuulize yeye," alisema Asma haraka. Ilikuwa sauti yake ya juu kabisa tangu Jumatatu. "Niulize mie."

"Nakuomba umwache ajibu."

Bi Radhiya alizungusha ufunguo vidoleni. Pangaboi lilizunguka darini. Nje mtu aliita jina la mgonjwa mara mbili.

"Mkononi mwangu," alisema.

Mengine aliyasema bila kuulizwa. Dada yake, Bi Alya, yuko Muscat, hakupata likizo ya kuja harusini. Bi Radhiya alitaka dada aone jinsi mtoto wa ndugu yake alivyokua, akampelekea video. Anas, kijana wa Bi Alya, aliitoa katika simu ya mama yake akaitia kundi la binamu. Binamu mmoja wa hapa kisiwani akaipeleka kwingine. Ijumaa, wakati mumewe alipokuwa ameishikilia simu ya Asma majini, yeye alikuwa jikoni na simu yake mwenyewe imo mkunjoni mwa kanga. Hakusema. Siku ya pili mumewe alipotangaza kisomo, pia hakusema. Alimpigia dada yake, wakalia wote wawili, na hakusema.

"Niliamua isomwe tu. Ikinifika imenifika. Mie ndiye niliyemvua nguo mwanangu mbele za watu."

"Mie nilikuona, mama," alisema Asma.

Bi Radhiya aliinua uso.

"Nilikuona umeshika simu. Nilijua wampelekea khalati Alya. Nikazidisha kucheza kwa sababu yako."

Hakuna aliyemgusa mwenzake. Time alisubiri mpaka kupumua kwao kukatulia, kisha akaliweka jambo wazi, kwa sababu wakati ulikuwa mdogo. Binti alitaka kufa ili mama asisomewe. Mama alikubali kufa ili asiseme. Anayeweza kuliondoa hilo ni mtu mmoja, kwa sentensi moja, na Time haruhusiwi kumsemea.

"Leo usiku n'tamwambia," alisema Bi Radhiya.

Alhamisi asubuhi Time alipiga simu. Bi Radhiya alijibu kwa sauti ya chini sana. Asma yuko hapa kando yake, mzima, hajala. Mumewe alirudi na mbuzi wa kuchinjia wasomaji. Wamepika tangu alfajiri. Hajamwambia.

*

Time alifika Wawi kabla ya alasiri na kuketi na wanawake chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Wasomaji walikuja mmoja mmoja, wakavua viatu, wakajaza baraza na ukumbi. Chetezo kilipita, moshi wa ubani ukaingia kwa chini ya pazia. Asma alikaa baina ya mama yake na Time. Alikuwa ametulia kupita kiasi, na Time hakuupenda utulivu huo. Alimshika kiganja na hakukiachia. Kilikuwa baridi.

Ng'ambo ya njia duka la Safari lilikuwa wazi, lakini hakuna mtu aliyekuwa mezani.

Aliyeongoza kisomo alikuwa Shehe Hafidh, mzee mwenye sauti kavu, anayejulikana kwa kutosoma haraka. Hakufungua msahafu wala kitabu. Alisema, na nyuma ya pazia walimsikia vyema, kwamba kazi hii ni moto, na moto hauna macho. Mwenye jambo aitaje nia yake kwa ulimi wake, watu wote wasikie.

Zahran aliitaja. Alisema anamshitakia Mungu mtu aliyempiga picha binti yake na mtu aliyeisambaza, wawe nani, wawe wapi, wasione kheri mpaka wakiri.

"Umeuliza mtaani?" alisema Shehe Hafidh.

"Sina haja ya kuuliza."

"Umeuliza nyumbani mwako?"

Zahran alisema kwamba nyumbani mwake ndimo mwenye kudhulumiwa.

"Nakuuliza tena. Nia ni hiyo hiyo?"

"Ni hiyo hiyo."

"Kwa mara ya tatu nakuuliza, Zahran."

Asma alikivuta kiganja chake kutoka mkononi mwa Time na kuanza kuinuka. Bi Radhiya aliweka mkono juu ya bega lake na kumkalisha. Kisha akasimama yeye. Aliufunga mtandio, akapita baina ya wanawake, na akasimama akiligusa pazia bila kulifungua.

"Shehe Hafidh, nia hiyo yanigusa mie."

Aliinua sauti ili barazani wasikie.

"Aliyepiga ni mie, Radhiya. Nilimpelekea dada yangu. Kijana wake kaitoa. Nimenyamaza siku zote hizi kwa woga, na mwanangu kajua akataka kufa badala yangu. Kama ni ya kusomwa, isomeni nami niko hapa. Lakini mtoto wa Safari hamo."

Time aliitazama saa ya ukutani kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama. Mshale wa sekunde ulizunguka. Mwanamke mmoja pembeni alianza kulia, mwenzake akamnyamazisha.

Sauti ya Shehe Hafidh ilikuwa ile ile kavu. "Zahran. Nia ni hiyo hiyo?"

"Imeondoka," alisema Zahran.

Shehe Hafidh aliomba Fatiha isomwe kwa ajili ya afya ya mtoto, ikasomwa. Kisha akasema chakula kilichopikwa hakina kosa, kiletwe. Watu walisogea, masinia yakaanza kutoka jikoni. Kupitia dirisha la chumba cha ndani Time alimwona Zahran akivaa viatu, akivuka njia na kusimama mbele ya meza tupu ya duka. Alisimama pale kwa muda. Mzee Safari alitokea kutoka ndani. Midomo yao ilisogea. Waliyoyasema hayakusikika. Safari aliingiza mkono chini ya meza, akatoa kitu, na Zahran akakipokea kwa mikono miwili.

Aliporudi alipitia mlango wa nyuma, akaingia chumba cha ndani. Wanawake waliteremsha mitandio. Mbele ya mkewe palikuwa na sinia la wali na nyama ambalo hakuna aliyeligusa. Aliinama akaweka kando ya sinia pakiti ya chumvi, ya nusu kilo, haijafunguliwa. Alitoka.

Bi Radhiya aliiangalia pakiti. Aliipasua kwa meno, akachota kidogo kwa vidole, akanyunyiza juu ya wali ambao ulikuwa umeshatiwa chumvi jikoni. Alinawa. Akamsogezea Asma bakuli la maji.

Asma alinawa mkono wa kulia, akamega tonge, akala.